Vistari si sifuri: wakati kipimo cha mvua kinapoteza rezo

Mu manyumba fulani ya Kolwezi, ya Likasi na ya Lubumbashi, pembeni ya televizio utaona kioo kidogo chenye namba za joto, za upepo na za mvua. Kimoja kilitumwa na mutoto aliye Ulaya, kingine kilinunuliwa mu duka la paneli za jua. Inje, juu ya bomba ao juu ya muti uliosimikwa mu lupango, kuna kipimo cheupe chenye kikombe cha kupokea mvua na vijiko vya kuzungushwa na upepo. Kati ya kioo na kipimo hakuna waya. Vinasemezana kwa mawimbi, sawa radio.

Kwa mutu wa ofisi ni kitu cha kufurahisha macho. Kwetu sisi watu wa madini ni habari ingine. Baba anajitayarisha kushuka mu shimo saa kumi na mbili asubuhi, ao yaya anatoka zamu ya usiku na anataka kupita ku karieri mbele ya kulala, na mama anatazama kioo: usiku imenyesha milimetri ngapi? Kama ni 2, udongo umelowana juu tu. Kama ni 45, na jana ilikuwa 30, ukingo wa shimo umeshiba maji, na mutu mwenye akili anangoja. Tarehe 11 mwezi wa 9 mwaka 2020, kule Kamituga, Kivu ya Kusini, mvua kubwa iliangukia mashimo ya wachimbaji wa zahabu, na watu kama 50 waliripotiwa kufa. Habari za namna hiyo, kila jamaa ya ma-creuseur inazijua bila kusoma gazeti.

Sasa asubuhi moja, pahali pa namba ya mvua kuna vistari vitatu. Mutoto anapiga kelele: «Mama, mashine iko naandika tu bistari!» Na baba, akiwa tayari ku mulango na lampu yake ku kichwa, anajibu: «Njo kusema mvua haikunyesha.»

Hapo ndipo hatari yote iko. Vistari havisemi kwamba mvua haikunyesha. Vinasema kwamba kioo hakikusikia neno lolote kutoka inje. Inawezekana usiku ulikuwa mukavu, inawezekana vilevile ilinyesha milimetri 60. Na kuna mashine zenye tabia mbaya zaidi: zikipoteza rezo haziandiki vistari mara moja, zinabakisha namba ya mwisho kwa muda. Unasoma mvua ya jana saa mbili usiku ukifikiri ni ya asubuhi hii. Namna ya kuitambua ni kutazama upepo na joto. Hewa ya inje haikai bila kutikisika. Kama joto na upepo vinaonyesha namba zile zile nusu saa nzima, kioo kimekuwa kiziwi.

Kwanza mukebe

Mbele ya kushika turnevisi, weka mukebe inje. Hii si mchezo wa watoto. Kutafuta rezo kunaweza kuchukua siku mbili, na mvua haitakungojea. Twaa mukebe wa maziwa ya unga wenye kuta zilizosimama wima, mudomo sawa na kitako. Uweke pahali peupe, mbali na paa na mbali na mwembe, uzungushie mawe ili upepo usiuangushe. Asubuhi ingiza lati ya masomo mupaka chini, usome maji yamefika wapi. Milimetri moja ya maji mu mukebe ni milimetri moja ya mvua, hata mukebe uwe mupana ao mwembamba. Angalia tu ile lati yenyewe: mara mingi sifuri yake haianzi ku ncha, kuna kipande kidogo kisicho na namba. Kipime hicho kipande, uongeze.

Na tujue namba hiyo inasema nini. Milimetri 1 ni litre 1 ya maji juu ya kila metre 1 ya mraba. Kilima cha hektari moja kikipokea milimetri 45, ni litre 450.000. Sehemu moja inaingia mu udongo, ingine inatelemuka kutafuta pahali pa chini, na pahali pa chini mara mingi ni mulango wa galeri.

Kileta karibu

Mukebe ukiwa pahali pake, tuje ku mashine. Tumeona watu wakinunua mapile mapya, kisha kioo kipya, kisha kipimo kipya, na mwisho wakakuta ubaya ulikuwa bati moja. Kazi ya kwanza haiombi feza. Toa kipimo ku bomba lake, ukilete mu nyumba, ukiweke metre mbili ao tatu mbele ya kioo. Usikibandikishe kabisa, kioo kikipigiwa kelele karibu sana ya sikio, nacho kinaweza kushindwa kusikia. Ngoja. Vipimo havisemi kila wakati: kimoja kinatuma neno kila sekunde 16, kingine kila sekunde 48, kulingana na aina. Tena kioo kilichokata tamaa kinaweza kupumuzika mbele ya kusikiliza upya, kwa kuchunga mapile yake. Kwa hiyo ukingoje robo saa, bila kubonyeza kila kidude.

Kama namba zinarudi, kipimo ni kizima, kioo ni kizima. Ubaya uko mu njia kati yao. Kama hazirudi, njia haina kosa. Tafuta mu mapile, mu mudomo wa kipimo ao mu sikio la kioo. Jaribio hili moja linagawanya kazi mara mbili, na atakayeliruka atazunguka sana.

Njia: bati, nondo na muti wa mwembe

Ku karatasi ya kiwanda wanaandika kwamba mawimbi yanafika metre 100. Ni kweli, lakini mu uwanja mutupu, kioo na kipimo vikionana macho kwa macho. Nguvu ya sauti ya kipimo ni ndogo sana. Ku megahezi 433, sheria ya Ulaya inakiruhusu miliwati 10 tu. Telefone ya mukono ya aina ya GSM inaweza kufika wati 2, ni kusema mara 200 zaidi. Kipimo hakisemi, kinanong'ona. Mu nyumba zetu, metre 30 ni safari ndefu.

Adui mukubwa ni chuma. Mawimbi yanapita mu mbao, mu plastiki, mu tofali kavu, hata kama yanapunguka. Mu bati hayapiti, yanarudishwa. Nyumba iliyofunikwa malata juu na yenye kipande cha bati ubavuni ni kama sufuria lenye kifuniko. Watu wanapenda kufunga kipimo juu kabisa, katikati ya paa, wakisema juu ndiko rezo iko. Kwa telefone ni sawa. Kwa kipimo hiki ni kinyume: kioo kiko chini ya bati, kipimo kiko juu ya bati, na bati liko katikati yao. Afazali kipimo kikae pembeni, mu lupango, ku bomba la metre mbili, mbele ya dirisha la chumba chenye kioo. Kwa mvua vilevile pahali hapo ni pazuri zaidi, kwani upepo wa juu ya paa unapeperusha matone yasianguke mu kikombe.

Nondo za antivoli nazo zinahesabiwa. Wimbi la megahezi 433 lina urefu wa sentimetri karibu 69. Nondo zilizokaribiana zinalizuia sehemu kubwa. Usiweke kioo nyuma ya antivoli, pembeni ya frigo, ao nyuma ya televizio. Na kabla ya kuhamisha mulingoti mzima, sogeza kioo tu, sentimetri 20 huku, 30 kule. Mawimbi yanagonga ukuta, yanarudi, yanakutana. Pahali pamoja yanasaidiana, hatua moja pembeni yanauana. Kioo kilichokuwa kiziwi juu ya kabati kinaweza kusikia vizuri juu ya meza. Ni bahati tu? Hapana, ndivyo mawimbi yalivyo. Kama kipimo ao kioo kina anteni inayoonekana, zote mbili zisimame wima.

Watu wanasema: «Mvua njo inakula rezo.» Sivyo. Ku mawimbi ya aina hii matone ya mvua yenyewe hayapunguzi kitu cha kuonekana. Kinachokula ni vitu vilivyolowana: majani ya mwembe kati ya kipimo na dirisha, ukuta wa tofali bichi ulionywa maji, na maji yaliyoingia mu kipimo. Ndiyo maana rezo inayosikika kwa shida mu mwezi wa 8 inakufa mu mwezi wa 12, wakati tunaihitaji. Kama mu kiangazi kioo chako kinapoteza kipimo mara moja kwa siku, usingoje masika ili uvikaribishe.

Mapile: usiulize torche

Tukirudi ku kipimo kisichosikika hata metre mbili, kwanza ni mapile. Na hapa wachimbaji wana desturi moja inayodanganya: wanatia pile mu torche, ikiwaka, wanasema pile ni nzima. Torche ya LED inawaka hata pile ikiwa imechoka. Kipimo kinahitaji kitu kingine: kinalala, kisha kwa sehemu ndogo ya sekunde kinavuta umeme kwa nguvu ili kitume neno. Pile iliyochoka inaanguka papo hapo, neno linakatika katikati, na kioo hakielewi. Ukiipima kisha, ikiwa imepumuzika, itaonyesha tena volti za kutosha.

Pile mupya ya alkalini ya volti 1,5 inaonyesha karibu 1,6 ku multimetri. Ikishuka ku 1,3 bila kazi yoyote, iondoe, uipe watoto kwa saa ya ukuta. Pile za bei ndogo za zinki na kaboni zinauzwa kila kona ya soko. Kwa radio hazina ubaya, kwa kipimo cha inje si nzuri, zinapunguka haraka na zinavuja. Zile za kushaji zina volti 1,2. Vipimo fulani vinazikubali, vingine vinakataa. Litiamu zinavumilia joto na baridi kuliko zote, lakini bei yake inauma. Usichanganye mupya na nzee, wala aina mbili. Na kama mapile yamekwisha mu kipimo kiangazi nzima, fungua mulango wake utazame: unga mweupe ao wa kijani ku vyuma unazuia umeme kupita. Ondoa mapile, pangusa kwa pamba yenye ndimu ao vinegri kidogo, kisha pamba yenye maji safi, kausha kabisa.

Kuna vipimo vyenye kapaneli kadogo ka jua juu. Hapa Katanga, kutoka mwezi wa 5 mupaka mwezi wa 9, hakuna mvua ya kukasafisha. Vumbi nyekundu ya barabara za malori na moshi wa pori vinakafunika. Mwisho wa kiangazi kanapata mwanga mudogo, mapile yanafanya kazi peke yake, na yanakwisha mu mwezi wa 11. Kitambaa chenye maji, mara moja kwa mwezi, kinatosha.

Ndani ya kipimo vilevile tazama sisimizi, nyigu na buibui. Wanapenda kajumba kale keupe. Buibui akifunga uzi ku kijiko kidogo cha ndani kinachopinduka kila mvua ikikijaza, rezo itakuwa nzuri, joto litaonekana, upepo utaonekana, lakini mvua itaandikwa 0,0 usiku wa dhoruba. Hiyo ni mbaya kuliko vistari, juu vistari walau vinakuonya. Mara moja kwa juma, mimina maji polepole mu kikombe, namba ipande. Kama haipande, fungua.

Makelele ya majirani

Inawezekana kila kitu ni kizima, lakini rezo inapotea saa fulani tu. Uliza: saa hiyo nini kinawashwa? Wakati umeme unakatika, tunawasha konvertiseri ya paneli za jua ao grupu. Konvertiseri ya bei ndogo inapiga kelele kubwa mu mawimbi. Lampu za LED fulani na masharjeri ya telefone yasiyo na jina nayo ni hivyo. Zima vyote, washa kimoja kimoja, tazama kioo kila mara. Telekomandi za magari na za milango ya lupango mingi zinatumia megahezi 433 hizo hizo. Kidude kimoja cha jirani kilichokwama kinaweza kufunika mutaa. Kama rezo inakatika kila siku jioni, zungumuza na jirani kwa upole mbele ya kulaumu mashine.

Jambo lingine ni vipande vya kutoka inchi mbalimbali. Vipimo vinavyouzwa Ulaya mara mingi vinasema ku megahezi 868 ao 433. Vile vya Marekani ku 915 ao 433. Shangazi wa Marekani alitoa mashine, kipimo kikavunjika, kaka wa Bruxelles akatuma kingine chenye sura ile ile: 915 na 868 hazitasikilizana hata siku moja, hata vikae juu ya meza moja. Mbele ya kutuma feza, soma namba iliyoandikwa nyuma ya kioo, uwatumie picha.

Kama mapile ni mapya na namba zinapatana, inabaki kuvikutanisha upya. Vipimo mingi, ukibadilisha mapile, vinajipa jina jipya, na kioo kinaendelea kungoja jina la zamani. Andika kwanza jumla ya mvua ku karatasi, kwani kuna mashine zitakazoifuta. Ondoa mapile ya pande zote mbili, chomoa na waya wa umeme, ngoja dakika kumi. Kisha tia ya kipimo kwanza, halafu ya kioo, uviache metre mbili ao tatu bila kuvigusa. Kikionyesha namba, rudisha kipimo inje polepole, na kwa kila hatua tazama kama namba zinaendelea kutembea. Pahali zinapokatika, umemupata mwizi.

Rezo ya telefone ni habari ya pembeni, tuiseme kwa ufupi tu. Kama kioo cha nyumbani kinaonyesha namba lakini baba aliye ku karieri haoni kitu ku telefone yake, kipimo hakina kosa. Ni Wi-Fi. Mara mingi modemu ya nyumba ni telefone ya mutu, na mutu huyo ameenda nayo kazi. Ao modemu inasema ku gigahezi 5, wakati mashine hizi kwa kawaida zinasikia 2,4 tu. Apigiwe simu, asomewe namba ya kioo. Ni teknolojia ya zamani lakini inafika.

Na tafazali, hakuna kupanda juu ya paa wala kushika bomba la chuma wakati mawingu yananguruma. Hesabu ya radi iliyofanywa kwa satelite na kutangazwa mwaka 2016 iliweka Kabare, mu Kivu, ya pili mu dunia nzima, nyuma ya ziwa Maracaibo la Venezuela. Kampene ya Maniema ilikuwa ya tatu. Katanga haiko juu namna hiyo, lakini radi moja inatosha. Vistari vingoje mupaka mbingu itulie.

Rezo ikirudi, usiamini namba ya kwanza bila kuipima. Kuna vipimo vinavyohesabu mvua ndani yao wenyewe, hata visiposikika. Vikirudi vinatuma jumla yote, na kioo kinaruka ghafula kutoka 3 mupaka 41, sawa mvua yote ilianguka dakika ile. Kuna vingine ambavyo mvua ya saa za ukimya imepotea kabisa. Utajua yako ni ya aina gani siku utakapolinganisha na mukebe. Kwa hiyo bakisha mukebe inje masika yote, na kadaftari ku musumari wa mulango, mistari miwili kila asubuhi: kioo kimesema ngapi, mukebe umesema ngapi. Zikipishana milimetri moja ao mbili, endelea. Zikipishana 20, siku hiyo anayeshuka mu shimo asome ya mukebe.